Namna ya kuchoma mahindi ya mtaani ya India ukiwa nyumbani

Swali: Nilisoma Pune, India, na kitu nilichokipenda kuliko vyote huko ni mahindi ya kuchoma yanayouzwa kando ya barabara wakati wa mvua, yaliyopakwa ndimu, chumvi na pilipili. Sasa ninaishi ghorofani Dar es Salaam. Nina jiko la gesi lenye oveni, na nina kibaraza kidogo ninapoweza kuweka jiko la mkaa. Nilinunua mahindi matamu supamaketi, nikayachemsha kidogo, nikayafunga kwa karatasi ya aluminiamu na kuyaweka ndani ya oveni, kisha nikayanyunyizia chaat masala ya pakiti, ule mchanganyiko wa viungo wa Kihindi. Yalitoka laini na yenye majimaji, viungo viliteleza vyote, na ladha haikufanana hata kidogo na ile ya Pune. Je, kasoro iko wapi, na ni viungo gani ninavyohitaji? Mwezi ujao ningependa kuwaandalia wageni wanane.

Jibu: Ndugu msomaji, naomba nianze na suala la viungo, kwa sababu kasoro haikutoka huko. Wachuuzi wa njia ya kupandia ngome ya Sinhagad, ambao bila shaka uliwaona ulipokuwa Pune, na wale wa Lonavala wanaowauzia wasafiri wa kati ya Mumbai na Pune, kwa kawaida hawana mbele yao zaidi ya makaa, mahindi mabichi, kisahani cha chumvi iliyochanganywa na pilipili nyekundu ya unga, na ndimu zilizokatwa nusu kwa nusu. Wengi hawatumii chaat masala kabisa. Ladha unayoitafuta hutengenezwa kabla kiungo chochote hakijagusa punje, yaani katika aina ya hindi lililochaguliwa na katika jinsi moto ulivyolipata, kisha hukamilishwa na ndimu inayosuguliwa kwa nguvu hindi likiwa bado moto. Mahindi yako yalikuwa na maji mengi tangu mwanzo, kuyachemsha kukayaongezea mengine, na karatasi ya aluminiamu ikauzuia mvuke usitoke. Kwa kweli hayakuchomwa. Yalipikwa kwa maji, kisha yakapikwa tena kwa mvuke wake yenyewe.

Tuanze na hindi. Mahindi ya kuchoma yanayoitwa bhutta kwa Kihindi, na kanis kwa Kimarathi cha huko Pune, kwa asili ni mahindi ya nafaka yaliyovunwa yakiwa mabichi. Ni mahindi yale yale ambayo yakiachwa shambani yangekauka na kusagwa unga. Punje zake zina wanga mwingi na sukari ya kiasi, na ganda lake ni nene kidogo. Mahindi matamu ya supamaketi ni mbegu tofauti, iliyoteuliwa kwa sababu ya badiliko la kiurithi linaloizuia sukari ya punje isigeuke upesi kuwa wanga, ndiyo maana hubaki laini na yenye maji matamu hata katika umri ambao hindi la nafaka limekwisha kukaza. Yakiwekwa motoni, sukari ile huungua nje upesi huku ndani kukiwa bado na maji tele, na ukiyauma hupasuka na kumwaga maji mdomoni. Hindi la nafaka huenda njia nyingine: wanga wake huanza kuvimba na kuiva joto la ndani likifika kama nyuzi 62 hadi 72 za Selsiasi, maji yaliyomo hunywewa na wanga huo au hutoka kama mvuke, na punje hubaki na kitu cha kutafuna, utamu wa mbali, na nafasi ya kupokea harufu ya moto.

Siku hizi hata katika miji ya India mahindi matamu yameenea, na wachuuzi wengine huweka aina zote mbili na kumwuliza mteja kama anataka ya kienyeji, yaani desi, au yale matamu ya njano. Wako wanaopenda ya njano kwa dhati, nami siwakatazi. Lakini kama kumbukumbu yako ni ya punje zinazotafunika na zenye ladha ya moshi, ulikula desi, na mahindi meupe tunayolima Afrika Mashariki yanakaribiana na desi kuliko mahindi matamu yanavyokaribiana nayo. Kwa hiyo safari hii usiende supamaketi. Nenda sokoni, tafuta mahindi mabichi yaliyoletwa kutoka shambani siku hiyo, na uyanunue yakiwa ndani ya maganda yake.

Umri wa hindi una uzito kuliko jambo lolote lingine utakalolichagua sokoni, na kuupima hakuhitaji chochote zaidi ya ukucha. Tazama kwanza ndevu: ziwe zimekauka na kugeuka rangi ya kahawia kwenye ncha, lakini chini kabisa, karibu na hindi, ziwe bado na unyevu. Ganda liwe la kijani na limebana. Kisha mwombe muuzaji ruhusa, fungua ganda kidogo, na ubonyeze punje moja ya katikati ya hindi, si ya nchani, kwa kuwa punje za nchani huchelewa kukomaa na zitakudanganya. Likitoka maji meupe mepesi, hindi hilo ni changa. Litasinyaa motoni na kukuachia gunzi lenye vijiganda. Yakitoka maziwa mazito yanayokaribia kuwa uji, hilo ndilo unalolitaka. Ukucha ukikuta unga mkavu, au usipoingia kabisa, hindi limepita wakati wake wa kuchomwa kwa namna hii, nalo litafaa zaidi kupikwa pamoja na maharage. Kwa mkulima, hatua ile nzuri huja kwa kawaida kama wiki tatu hadi nne baada ya ndevu kuchomoza, na huchelewa zaidi nyanda za juu zenye baridi. Haidumu siku nyingi, na ndiyo sababu katika rundo moja la sokoni utakuta mahindi ya hatua zote tatu, kwa hiyo pima moja moja bila kuona haya.

Tangu saa linapovunjwa kwenye shina, hindi huanza kuigeuza sukari yake kuwa wanga, na joto huliharakisha jambo hilo. Nunua asubuhi ya siku ile ile ya kuchoma. Ukilazimika kununua jana yake, yaache ndani ya maganda na uyaweke kwenye friji.

India, msimu wa mahindi haya hufuatana na mvua za monsuni, kuanzia Juni hadi Septemba. Wakulima wengi hupanda mvua zinapoanza, kwa hiyo mahindi mabichi hufika sokoni mvua zikiwa bado zinanyesha, hewa imepoa, na watu wanatembea kwenda kwenye milima na maporomoko ya maji. Ndiyo maana Mhindi wa Maharashtra, jimbo ilimo Pune, akilikumbuka hindi la kuchoma hukumbuka na mvua. Wewe usingoje mvua. Ngoja mahindi mabichi yajae sokoni, kwa sababu hapo ndipo utapata nafasi ya kuchagua.

Maandalizi ni mafupi. Menya maganda yote ya nje, na ukipenda acha machache ya ndani yakiwa yameshikamana na kitako cha hindi, yakunjwe nyuma yawe mpini. Mengine laini ya ndani yatunze, kwani wachuuzi hulipokeza hindi juu ya maganda hayo, nayo hulinda mkono usiungue. Ondoa ndevu kwa kitambaa kikavu, ukisugua kutoka nchani kuelekea kitakoni. Zitakazobaki zitateketea motoni. Usiloweke hindi, usilichemshe, usilipake mafuta wala chumvi kabla ya moto. Ikiwa umelazimika kuliosha, likaushe kabisa. Kuna watu katika nchi nyingine wanaoloweka hindi na ganda lake na kulichoma hivyo hivyo, na matokeo yake ni matamu, lakini huko ni kupika kwa mvuke. Namna ya India inataka punje ikutane na joto kavu uso kwa uso, kwa sababu rangi ya kahawia na harufu ile ya kuchomwa huanza kujitengeneza vizuri uso wa punje ukipita nyuzi 140 hivi, na uso uliolowa maji hauwezi kufika huko mpaka maji yote yaishe.

Sasa moto. Ikiwa unaweza kutumia jiko la mkaa, tumia, kwa kuwa ndilo linalokaribiana zaidi na jiko la mchuuzi wa India. Washa mkaa mgumu, uache ushike wote mpaka uwe mwekundu na kufunikwa na jivu jembamba, na moshi wa mwanzo uishe. Jambo ambalo wengi hawaliangalii ni umbali. Mchuuzi wa India haweki hindi juu ya wavu ulioinuliwa mbali na moto. Huliweka juu ya makaa yenyewe, au juu yake kidogo tu kwa kiasi cha vidole viwili, kisha hupepea bila kupumzika. Kupepea kunafanya kazi mbili kwa pamoja: kunapeleka hewa kwenye makaa ili yawe makali, na kunapuliza jivu na moshi mchungu visilikalie hindi. Kwako pepeo la ukili litafaa, na kipande cha boksi kitafaa vile vile.

Hapo ndipo uchomaji huu unapoachana na ule tuliouzoea vituoni na kandokando ya barabara zetu, ambapo mahindi hupangwa mengi juu ya wavu, moto ukiwa wa pole, yakichomeka taratibu mpaka yakauke na kuwa magumu kidogo. Uchomaji wetu una ladha yake na watu wake. Wa India ni wa haraka na mkali, ili nje pababuke na ndani pabaki na unyevu. Liache hindi upande mmoja kwa muda mfupi, kama nusu dakika, mpaka usikie punje zikianza kulia na kupasuka, kisha ligeuze robo mzunguko kwa koleo, na uendelee hivyo. Hindi moja la umri unaofaa humaliza kati ya dakika 8 na 12. Utajua limeiva punje zitakapoacha weupe wake wa chokaa na kuwa na mng'ao wa manjano, zitakapojikunja kidogo, na zitakapokuwa na madoa meusi yaliyotawanyika, lakini si hindi zima kuwa jeusi, maana hapo uchungu utazidi. Cheche na punje huruka, basi uweke uso mbali na uwazuie watoto wasisogee.

Kuhusu kibaraza chako, nisikilize kwa makini. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na ambayo huua watu ndani ya nyumba zilizofungwa. Kibaraza kilicho wazi kwa nje kinatosha, maadamu mlango wa kuingilia ndani umefungwa na upepo hauelekei chumbani. Kibaraza kilichozibwa kwa vioo ni chumba, na jiko la mkaa lisiwashwe humo hata kwa hindi moja. Usiliingize jiko ndani ati makaa yamebaki machache, na usiku usiyaache yakijizimia yenyewe ndani ya nyumba. Wapo pia wenye majengo wanaokataza mkaa vibarazani, kwa hiyo uliza kwanza.

Ikiwa mkaa hauwezekani, jiko la gesi ni badala nzuri, na familia nyingi zinazoishi ghorofani katika miji ya India huchoma hindi lao hivyo. Weka hindi moja kwa moja juu ya chuma cha jiko, au juu ya wavu mdogo wa waya wenye mpini, ule unaotumiwa kuchomea papadi, unaopatikana katika maduka ya vyombo ya Wahindi. Moto uwe wa kati, ncha za mwale zikiligusa hindi, na uligeuze mara kwa mara zaidi kuliko kwenye makaa, kwa sababu mwale wa gesi huunguza sehemu ndogo kwa ukali huku jirani yake pakiwa pabichi. Dakika 8 hadi 10 hutosha. Kila hindi lipate jiko lake. Ukiwa na majiko manne, choma manne kwa mpigo na uwe na mtu wa kukusaidia kugeuza. Ukimaliza, safisha matundu ya jiko, kwani mabaki ya ndevu na maji ya punje huyaziba.

Gesi haina moshi, na hilo utaliona kwenye ladha. Wapishi wa India wana njia ya kuongeza moshi kwenye chakula kilichokwisha kuiva, ambayo huiita dhungar, na pwani yetu nayo ina desturi ya kufukiza. Panga mahindi yaliyochomwa ndani ya sufuria, weka katikati kibakuli kidogo cha chuma, tia kipande kimoja cha kaa lililoiva, lidondoshee tone la samli, na ufunike mara moja kwa dakika mbili. Fanya hivyo karibu na dirisha lililo wazi. Usizidishe muda, kwa sababu moshi wa samli hugeuka mzito upesi na kuifunika ladha ya hindi.

Oveni iwe chaguo la mwisho, na ukiitumia, tumia ule moto ulio kwenye dari ya oveni (grili) peke yake, ukiwa umewashwa mapema mpaka umekuwa mkali kabisa, na mahindi yawe karibu nao kadiri inavyowezekana, bila karatasi yoyote. Yageuze kila baada ya dakika nne au tano kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Yatapata rangi, lakini yatakauka zaidi kuliko ya gesi.

Sasa tufike kwenye ndimu, nami naomba uitilie maanani kuliko pakiti yoyote ya viungo. India hutumia ndimu ndogo yenye ganda jembamba, iitwayo kagzi, nayo ni jamii moja na ndimu tunayoijua pwani, kwa hiyo ile ya sokoni kwako inafaa kabisa. Limau halitakupa harufu ile. Ikate ndimu kwa upana ipate nusu mbili, na uhesabu nusu moja kwa kila hindi. Ichukue nusu hiyo, uubonyeze uso wake uliokatwa kwenye kisahani cha chumvi na pilipili mpaka ushike mchanganyiko wa kutosha, kisha anza kitakoni mwa hindi na usugue kwa nguvu kuelekea nchani, ukiikamua kidogo kidogo huku ukilizungusha hindi. Rudia kuichovya mara mbili au tatu mpaka kila safu ya punje imepitiwa.

Ndimu hapa ni kiungo na ni chombo cha kupakia pia. Maji yake huyeyusha chumvi na kuipeleka chini kwenye mianya iliyo kati ya safu za punje, mahali ambapo unyunyizaji wa mkono hauwezi kufika. Msuguo huondoa jivu na ndevu zilizoungua. Na mafuta ya ganda lake hutoka kidogo kila unapolibana, yakaongeza harufu. Lakini haya yote hutegemea hindi kuwa moto sana, yaani ndani ya nusu dakika tangu litoke kwenye makaa. Joto la punje hukausha maji ya ndimu papo hapo, na ukali wake, chumvi na pilipili hubaki vimeganda kwenye ganda la punje lililojikunja. Hindi lililopoa, au lililolowa kama lile lako, halina joto la kukausha wala mikunjo ya kushikilia, ndiyo maana viungo vyako viliteleza na kuishia kwenye sahani. Kwa sababu hiyo hiyo sipendekezi kukamua ndimu bakulini na kupaka kwa brashi. Brashi hupaka juu juu, na hindi hupoa wakati unahangaika nayo.

Mchanganyiko wenyewe ni rahisi. Kwa mahindi manne, chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha chumvi nyeusi, na kijiko kimoja cha pilipili nyekundu ya unga. Chumvi ya kawaida iwe ya chengachenga, kama ile ya bahari, uitwange kidogo tu kwenye kinu, kwa sababu chumvi laini ya mezani huyeyuka yote kwa mara moja na kulifanya hindi liwe na chumvi kali upande mmoja na kupwaya upande mwingine. Pilipili inayopendwa India kwa kazi hii ni ya Kashmir, ambayo ina rangi nyekundu sana na ukali mdogo. Pilipili yetu ya unga mara nyingi ni kali kuipita, basi ukiikosa ya Kashmir, changanya nusu ya pilipili yetu na nusu ya paprika, uonje, ndipo uongeze.

Chumvi nyeusi, ambayo Wahindi huiita kala namak, ndiyo kiungo pekee ambacho huenda hukuwa nacho peke yake, nje ya pakiti, na ambacho kinastahili kutafutwa. Ni chumvi ya mawe inayochomwa kwenye tanuri pamoja na mkaa na matunda makavu ya mti uitwao harad. Ikiwa bonge huonekana nyeusi yenye uzambarau, na ikisagwa hugeuka waridi hafifu. Ina harufu ya salfa inayokaribiana na ya yai lililochemshwa, na mtu asiyeizoea hushtuka akiinusa kwenye chupa, lakini ikikutana na ndimu na moshi hukaa mahali pake na kuipa chumvi kina. Utaipata katika maduka ya viungo ya Wahindi ya Kisutu. Jamaa walioko Nairobi huipata Diamond Plaza huko Parklands. Weka kidogo, maana ikizidi hutawala.

Chaat masala yako ya pakiti si mbaya. Kwa kawaida huwa na chumvi nyeusi, unga wa embe bichi lililokaushwa, bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga na mvuje. Kwa kuwa embe bichi tayari lina ukali wake na pakiti tayari ina chumvi, ukiitumia pamoja na ndimu na chumvi nyingine, ladha hugongana na hindi lenyewe halisikiki. Ukiipenda, ondoa chumvi nyeusi kwenye mchanganyiko wako, punguza chumvi ya kawaida, na unyunyize chembe zake chache mwishoni kabisa. Mahali pake hasa ni kwenye vikombe vya mahindi matamu vinavyouzwa kwenye maduka makubwa na vituo vya treni vya India: punje za mahindi matamu zilizochemshwa, zikachanganywa na siagi, ndimu, pilipili na chaat masala, na kuliwa kwa kijiko. Mahindi matamu utakayokuwa nayo siku nyingine yapeleke huko, nayo yatakuwa mazuri sana.

Siagi juu ya hindi la kuchoma ni mtindo wa baadhi ya wachuuzi. Mimi huiacha, kwa kuwa hufunika harufu ya makaa, na ikitangulia huizuia ndimu isishike. Ukiitaka, ipake kidogo baada ya ndimu na viungo, si kabla. Namna nyingine ninayoipenda kwa moyo wote hutoka Uttarakhand, kwenye milima ya kaskazini, ambako chumvi husagwa juu ya jiwe pamoja na pilipili mbichi, kitunguu saumu na majani ya giligilani mpaka iwe ya kijani na yenye unyevu. Ukiwa na kinu na mchi, unaweza kuitengeneza jioni ile ile, uiweke kando ya ile nyekundu, na wageni wachague wenyewe.

Kwa mkono wa kusugua ndimu, huna haja ya kurudi Pune kujifunza. Wauzaji wa mihogo na mahindi katika pwani yetu, wakiwemo wale wa Mama Ngina, mahali pa kupunga upepo kando ya bahari kule Mombasa, hutumia ndimu, chumvi na pilipili ya unga kila jioni. Simama karibu na mmoja wao uone anavyoishika ndimu.

Kwa wageni wanane, nunua mahindi kumi, ili mawili yawe ya akiba endapo mojawapo utalifungua ukakuta limekomaa kupita kiasi au lina wadudu. Zidisha mchanganyiko mara mbili na nusu, na kata ndimu tano kabla ya kuwasha moto, pamoja na moja au mbili za ziada. Tenga kisahani cha chumvi isiyo na pilipili kwa ajili ya watoto. Jiko la mkaa la kawaida hubeba mahindi matatu au manne kwa mpigo, kwa hiyo yatatoka kwa awamu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: anayepata hindi ale papo hapo, asiwasubiri wenzake, nawe uwaambie hivyo mapema ili pasiwe na anayeona aibu kutangulia. Mtu mmoja achome na kupepea, mwingine awe na kazi ya kusugua ndimu peke yake, kwani aliyeshika koleo hawezi kuliwahi hindi likiwa na joto lake.

Mgeni akichelewa, hindi lake lifunge ndani ya maganda yake laini bila ndimu wala chumvi, lizungushie kitambaa, na akifika lirudishe motoni kwa dakika moja kabla ya kulipaka. Usilipake ndimu kisha ukalihifadhi, kwa sababu punje hulainika na chumvi hutoa maji. Na kama yatabaki mahindi yaliyochomwa lakini hayakupakwa, yakate vipande na uyatie kesho yake kwenye mchuzi wa tui la nazi, nyanya, bizari na ndimu, yaani makai paka ambayo Wahindi wa Afrika Mashariki huyapika. Madoa yale meusi ya moto huupa mchuzi huo ladha ambayo mahindi ya kuchemsha hayawezi kuutia.